Vipande Ishirini na Vinne vya Koti

Binti alipanga upya vipande vya karatasi mezani, akaandika kwenye kompyuta maneno yaliyokuwa nyuma ya kila kimoja, akabonyeza. Ikakataa tena.

"Umeanza na kola?" mama aliuliza kutoka kitandani. Tangu kiharusi, maneno yalimtoka moja moja. "Nani huanza na kola?"

"Nifundishe basi, Mama."

"Nilikufundisha. Ukasema cherehani inakuumiza kichwa."

Ni kweli, alikimbilia kompyuta. Ndiye aliyeiandikisha nyumba hii kwenye blokcheni, daftari la mtandaoni lisilofutika, akaweka na mkataba wa uwakala ili binamu yake amnunulie mama vitambaa bila kushika ufunguo mkuu. Kwenye orodha ya ruhusa za binamu, binti alipaswa kuchagua moja tu: manunuzi. Kwa haraka zake akachagua zote. Sasa binamu ametangaza kujihamishia nyumba. Mkataba husubiri siku tatu kabla ya kutekeleza, na ni ufunguo mkuu pekee unaoweza kumzuia. Mbili zimekwisha. Simu hapokei.

Ufunguo wenyewe ni maneno ishirini na manne kwa mpangilio wake. Mama, asiyeamini hata kivuli chake, aliyaandika nyuma ya karatasi za kukatia koti, kila kipande neno moja, kwa utaratibu wa kushona. Mwizi gani anajua kushona koti? Hata binti hakujua.

Akamsogezea vipande. Mkono wa kulia wa mama ulilala kama gogo; wa kushoto ukapapasa.

"Mfuko kwanza. Ukishaunga mbele na nyuma utautia wapi, tumboni kwako?"

Binti akacheka kidogo, akaubandika ukutani kwa pini. Kikafuata kifuniko cha mfuko, kisha kifua. Jua lilipofika dirisha la pili, vipande tisa vilikuwa ukutani. Cha kumi mama alikishika, akakigeuza, akakirudisha.

"Huyo mpwa wangu alikuwa akinishikia pasi," alisema. "Mtoto msikivu."

"Najua, Mama. Kinachofuata?"

"Hiki kilikuwa... Nimechoka, mwanangu."

"Pumzika. Tutaendelea asubuhi."

Muda ungekwisha kesho adhuhuri. Vikibaki tisa tu bila kupangwa, kompyuta ingeweza kujaribu mipangilio yote yenyewe. Binti alihesabu vilivyobaki mezani: kumi na vitano, bado vingi mno. Akaviwekea mkasi juu visipeperuke, akaiacha pini ya kumi ukutani, haijashika kitu.