Taa ya Kijani

Tik, tik, tik. Hakujapambazuka bado, na Bibi alikisikia tena kipanya cha kompyuta chumba cha pili. Binti yake alikuwa ameshaketi mezani, shali mabegani, akipanga hesabu za kampuni iliyomwajiri kwa majaribio. Mwezi ukiisha wangeamua abaki au aende zake.

"Umelala kweli, mwanangu?"

"Nimelala, mama."

Uongo mtupu, macho yalikuwa mekundu.

Kwenye pembe ya kioo cha kompyuta palikuwa na kitaa cha kijani. Kipanya kikitulia kidogo tu, kitaa kinageuka njano, na wakubwa wanajua mtu hayupo mezani. Kwa hiyo binti alikunywa chai mezani, akasukwa nywele mezani, na msalani alikwenda mbio kama anayefukuzwa.

Asubuhi ile mtoto wa binti alitapika. Binti alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mama, nisaidie. Kichezeshe hiki mpaka nimwogeshe. Kisitulie!"

Bibi alikishika kama kifaranga. Akachelea kuikwaruza meza, akakiinua juu na kukipepea hewani kwa bidii zake zote. Alipotazama, kitaa kilikuwa njano.

Simu ya binti ikalia. Akaipokea.

"Mbona hupo?" Sauti ya mwanamke, mkubwa wa binti kazini.

"Ni mimi, mama yake. Mtoto anaumwa, anamwogesha. Kosa ni langu, mwanangu, usimfukuze."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Hesabu zake zimefika, ziko sawasawa. Akae na mtoto mpaka mchana. Hicho kitaa, hata changu kuna anayekiangalia."

"Umekunywa chai lakini?"

Mwanamke akacheka kidogo. "Bado, mama."

Binti alipoambiwa, hakuamini. "Amesema hivyo kweli? Na mwisho wa mwezi je?"

"Hilo hakuligusia. Kaa chini, mwanangu."

Akaketi sakafuni upande upande, jicho moja kwenye mlango wa chumba cha kazi. Mtoto, aliyekataa maji kwa kila mtu, akayanywa mkononi mwake, kisha akamlalia mapajani. Taratibu mabega ya binti yakashuka.

Saa sita ilipogonga, akaruka wima. Mtoto akaikamata shali, akamwambia mama yake:

"Mama, kesho uje tena kututembelea."