Elektroni ya Ishirini na Tisa

Eleuterio Ayavire alichimba shaba pale Calama, mji wa jangwani, miaka thelathini na minne bila kujiuliza kwa nini dunia nzima inaililia. Walisema inatengenezewa nyaya, basi. Alipostaafu akajiandikisha kwenye masomo ya watu wazima, kila Jumamosi asubuhi, amalizie shule aliyoikatiza utotoni.

Jumamosi ile mwalimu Yasna alichora atomi ubaoni: katikati kiini chenye protoni na nutroni, nje yake elektroni. Protoni zina chaji chanya, elektroni chaji hasi, ndiyo maana zinavutana. Kisha akasema shaba ina elektroni ishirini na tisa, na ile ya nje kabisa haikushikwa sawasawa. Huponyoka ikazurura kati ya atomi nyingine. Elektroni za namna hiyo zikisukumwa upande mmoja, mwendo huo ndio umeme wa kwenye waya.

Eleuterio alijikuta amesimama.

“Mwalimu, yaani hiyo moja tu ndiyo iliyoniumiza mgongo?”

“Hiyo hiyo, Don Eleuterio.”

Darasa likaangua kicheko. Kipindi kilipoisha hakungoja mtu. Alirudi nyumbani nusu anakimbia. Mkewe, Nolfa, alikuwa akipaka parachichi kwenye mkate. Akammwagia yote, mikono ikichora hewani. Hata shoti inayomrusha kila akigusa kitasa cha mlango, akamwambia, ni elektroni: hewa ya jangwani ni kavu, viatu vinasugua zulia, zinarundikana mwilini, ukigusa chuma zinaruka. Miaka yote Nolfa alikuwa akilaumu nyaya alizofunga mumewe.

“Maneno matamu hayo, mzee. Mimi nataka kuona.”

Eleuterio akatwaa malimau manne. Kila moja akalichoma kipande cha shaba na msumari uliopakwa zinki, akayaunganisha kwa waya, shaba ya hili na msumari wa lile, na kwenye ncha mbili zilizobaki akafunga kitaa chekundu alichong'oa kwenye gari bovu la kuchezea la mjukuu. Wakafunga pazia. Giza tupu. Akakwangua shaba, akakaza waya, jasho likamtoka. Wapi!

Nolfa akauliza kama kitaa hicho hakina mbele na nyuma. Eleuterio akajipiga paji la uso: vitaa vya aina hiyo hupitisha umeme upande mmoja tu. Nolfa akakigeuza kwa mkono wake.

Kikawaka. Mwanga hafifu, lakini mwekundu kweli kweli, na hakuna hata waya mmoja uliotoka kwenye soketi ya ukutani. Nolfa akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka hadi machozi. Halafu akauliza elektroni zinatoka wapi, kwenye msumari au kwenye shaba.

“Sijui,” Eleuterio akasema.

“Hukuuliza?”

“Nilikuwa na haraka ya kuja kwako.”

Jumamosi iliyofuata Nolfa alikaa dawati la mbele darasani, kando ya Eleuterio. Kwenye msumari, mwalimu alimjibu; zinki inaziachia, zinapita kwenye waya kuifuata shaba. Nolfa akaandika, akamkanyaga mumewe mguu chini ya dawati, akanyoosha mkono tena.