Masikio ya Zacharia Kabla ya Kiwanda

Daktari wa bodi ya fidia ya jeshi hakubishania uziwi wa Zacharia. Hata mlinzi wa geti alikuwa ameshaugundua. Swali lilikuwa moja: uliletwa na mizinga ya jeshi, au na mitambo ya kufuma nguo kule Thika, alikofanya kazi baada ya kutoka jeshini? Kama ni mitambo, jeshi lingenawa mikono, na vifaa vya kusikilizia asingepewa.

Wangeci, mkewe, ndiye aliyekuwa kifaa chake miaka yote hiyo. Habari, mahubiri, bei ya viazi, vyote vilipitia kinywani mwake kwa sauti ya kuita ng'ombe. Alimpenda mzee wake, lakini alikuwa amechoka. Alitamani siku moja wagombane bila Ruiru nzima kujua sababu.

Cheti cha zahanati ya jeshi hakikuwapo. Kambini, aliyelalamikia sikio alichekwa mpaka akastaafu, na Zacharia hakutaka kuchekwa. Ndipo Wangeci akaenda Thika kumtafuta Pritam, msimamizi wa zamani wa kiwanda, akamleta mbele ya bodi.

"Huyu nilimwandika mimi," Pritam alisema. "Alikuja kiziwi tayari."

"Ulijuaje?"

"Kelele ilikuwa mingi, watu walikuwa wanatoroka wiki ya kwanza. Sasa mimi nilikuwa nawapanga getini, wanaangalia ukuta, halafu nagonga debe tupu kwa nyuma. Mtu akishtuka, namwambia aende nyumbani. Huyu hakushtuka. Watu wa mizinga hawakuwa wanashtuka."

Moyo wa Wangeci uliruka kwa furaha, kisha ukauma. Hapakuwa na harusi wala matanga ambapo Zacharia hakusimulia jinsi alivyochaguliwa getini, kati ya vijana wengi, kwa kusimama wima kama askari wa kweli.

"Tumekubali," daktari alisema. "Ni jeshi."

Zacharia, aliyekuwa akiwatazama midomo, akamgeukia mkewe. "Wanasema nini?"

Wangeci akapaza sauti. "Baba Kui, wamekubali! Ni mizinga!"

"Na Pritam je?"

"Anasema hakuna mtu alisimama wima kama wewe!"

Chumba kizima kilisikia. Zacharia akanyoosha mgongo, akampigia Pritam saluti. Pritam akaipokea kwa kichwa, macho sakafuni.

Wangeci akamsogelea Pritam, akanong'ona, "Mzee, asante sana. Lakini akishavaa hivyo vifaa, tafadhali, usikuje kwetu kumsalimia."