Barabara Iliyopanuka Kila Kukicha

Kila siku saa nne asubuhi mshonaji aliacha cherehani, akajaza chai kwenye chupa na kuvuka barabara kumpelekea mumewe, fundi wa baiskeli, ambaye kibanda chake kilitazamana na mlango wa nyumba yao. Hatua kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi. Alisema, "Fundi, chai," naye fundi akajibu, "Weka hapo." Ndiyo yalikuwa mapenzi yao kwa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyelalamika.

Jumatatu moja alikuta taa mpya. Za magari zilikuwa kijani. Ya waenda kwa miguu ilikuwa nyekundu, ikabaki nyekundu mpaka chai ikapoa.

Alirudi ndani kuipasha moto. Alipotoka tena, barabara ilikuwa na njia sita badala ya mbili, na mabasi mapya ya umeme yalipita kimya kama samaki. Fundi alisimama ng'ambo, mikono imejaa grisi, akiitazama taa.

Waliojaribu kuvuka bila kuingoja walitembea hadi adhuhuri, wakajikuta wamerudi ukingo uleule, soli zimelika. Wengine walipanda basi ili wazungukie mwisho wa barabara, lakini barabara ilikuwa bado haijapata mwisho. Kufikia Ijumaa watu walishazoea. Fundi alilala kibandani, juu ya matairi.

Mtaalamu wa taa alikuja na kishikwambi chake. Alikuwa mtu wa adabu. Alikaribishwa kiti, akakaa.

"Mama, mfumo huu una akili," alisema. "Unahesabu. Magari ni mengi, unayapa nafasi. Wanaovuka kwa miguu ni sifuri."

"Ni sifuri kwa sababu taa haituruhusu."

"Ndiyo. Na haiwaruhusu kwa sababu ni sifuri." Alimwonyesha kwenye kioo. Hesabu ilikuwa sahihi.

"Na mume wangu je?"

"Yeye amesimama, mama. Mfumo hauhesabu waliosimama."

Barabara iliendelea kupanuka kila kukicha. Mabasi hayakuwa na ngurumo, kwa hiyo sauti ya mtu iliweza kuvuka, ila ilichelewa. Neno lililotoka asubuhi lilifika adhuhuri. Jibu lilirudi jioni. Mwenye nafasi ya neno moja kwa siku alipaswa kulichagua vizuri.

"Fundi!" aliita mshonaji. "Bawaba ya mlango imelegea!"

Jioni jibu liliingia dirishani: "Itie mafuta!"

Kesho yake: "Mafuta yako wapi?"

"Chini ya kitanda!"

Dada wa fundi, aliyeishi nao na kumsaidia mshonaji kukata nyuzi, alisikiliza wiki nzima bila kuinua kichwa.

"Wifi," alisema hatimaye, "ile bawaba haijalegea. Nimeijaribu mwenyewe."

"Imelegea kidogo."

"Haya. Mficha uchi hazai."

Mwezi ulipoisha, fundi alionekana mdogo kama kifungo cha shati. Jibu lake la Alhamisi lilifika halina mwanzo: "...nyuma ya kabati." La Ijumaa lilifika pumzi tupu. Mshonaji aliishikilia ile pumzi dirishani kwa muda, kisha akarudi kazini.

Jumamosi mtaalamu alipita akibandika matangazo. Jiji lilikuwa limepata tuzo ya usafiri safi, na kuanzia kesho barabara ingeongezwa njia nne. Dada wa fundi alimuuliza kama sauti itaendelea kufika ng'ambo. Mtaalamu alipiga hesabu kwa makini.

"Ya leo itafika," alisema. "Ya kesho haitafika. Samahani sana."

Mshonaji alichomoa pini alizokuwa amezibana midomoni, akazipanga mezani moja moja. Alitoka hadi ukingoni. Taa ilikuwa nyekundu. Mabasi yalipita yamejaa, abiria wakisoma simu zao, hewa safi kabisa. Bawaba ilimjia ulimini, akaimeza. Majirani walikuwa wamesimama karibu, nao wangesikia yote, lakini hakuwa na namna ya kuwaficha.

"Mume wangu!" aliita, na hakuwahi kumwita hivyo mbele za watu. "Nimekukumbuka mpaka nashona shati la mikono mitatu! Nyumba haikaliki! Nakupenda! Haya, nimesema!"