Upande wa Mvua

Usiku wa pili pia Ardo alilala uani, na Ijumaa hiyo Timiro akaamka na swali lilelile: nyumba yangu ina nini? Mama yake, huyo Ardo, alikuwa amekuja Garissa kutoka Kotile, juu ya lori la ngozi, kumtazama binti mwenye mimba ya miezi minane. Jumatatu lori lingerudi. Timiro alitaka mama abaki mpaka arobaini ya mtoto iishe, maana ilikuwa mimba ya kwanza na alikuwa anaogopa, basi. Ardo hakukubali wala hakukataa. Alisema ataangalia kwanza.

Na kuangalia aliangalia. Aligonga mabati kwa kijiti akayasikiliza. Alichungulia mlangoni akauliza kona huwekwa nini ndani yake, kwa sababu nyumba aliyoijua yeye, ile ya fito zilizopindwa na mikeka, ambayo mwanamke huijenga kwa mikono yake na kuihamisha juu ya ngamia, haina kona hata moja. Mwaka mzima kona za Timiro zilikuwa mali ya buibui.

Mumewe, Nunow, alipokwenda msikitini, Timiro akaamua kuipamba sebule. Alifagia, akalifunika sanduku kwa kanga, kisha akavuta furushi lililokuwa chini ya kitanda: mikeka minne ya nyumba yake ya harusi, iliyosukwa na mama. Upande mmoja ulikuwa laini wenye mistari, ila moshi wa miaka mitatu ulikuwa umeutia weusi. Upande wa pili zilining'inia nyuzi ndefu, zimepaushwa na jua, safi kabisa. Mgeni hapewi masizi, akawaza Timiro, bibi wa mjini sasa. Akaipigilia mikeka ukutani kwa misumari minane, nyuzi zikitazama chumbani, akarudi nyuma hatua mbili na kujisifu.

Pilau aliipikia uani, kama alivyofundishwa na jirani kutoka Lamu. Ardo alikaa karibu na sufuria, akaokota karafuu, akauliza ni miiba gani hii inayotiwa chakulani. Akaitafuna, akatema. Baada ya kitambo akaokota nyingine.

Timiro akaingiza sinia sebuleni na kumwita. Ardo akafika kizingitini, akavua ndala zake za ngozi, akainua macho kutazama ukuta. Kisha akazivaa tena.

Timiro akamfuata mlangoni. Machozi yalikuwa karibu. "Hooyo, mama yangu, nyumba yangu ina nini?"

"Haina kitu," Ardo alisema. "Lakini umeniweka nje. Hizo nyuzi ni za kumwaga mvua."

Timiro akageuka kutazama. Nyumba zote alizolala utotoni, nyuzi zilielekea mbinguni, na watu waliokuwa ndani waliona mistari. Akaona haya, kisha kicheko kikamponyoka. Akaeleza habari ya masizi.

"Huo ni moshi wa chakula chako. Unamwonea nani haya?"

Wakaing'oa mikeka, pilau ikapoa. Ardo ndiye aliyekataa kuibandika tena ukutani. Aliivuta ikakatiza kona, mmoja mmoja, mistari ikitazama ndani, mpaka kona zote nne zikapotea na chumba kikawa na mbavu za mviringo. Harufu ya moshi wa zamani ikajaa, na Timiro akapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Ardo alikula pilau baridi mpaka akashiba, karafuu zake amezipanga ukingoni mwa sinia. Alipomaliza akatoka uani, akarudi na chombo chake cha maziwa, kile cha kusukwa ambacho haendi popote bila kuwa nacho. Akauliza kama kuna msumari uliobaki.

"Mmoja," Timiro alisema.

"Upigilie hapa. Chombo changu hakikai chini."

Jumatatu lori lilirudi Kotile bila ngozi na bila Ardo.