Simbakubwa wa Kadutu

Asubuhi mafundi walipokuwa wakichimba msingi wa nyumba ya Maman Rosette, kwenye mteremko wa Kadutu, jembe liligonga taya refu kama mkono wa mtu mzima, na chini yake mifupa mingine. Rosette alikuwa mjane muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, na akiba yake yote ilikuwa imeishia kwa Papa Constantin aliyemuuzia kiwanja hicho. Aliwaambia mafundi waiweke mifupa yote pembeni, isije ikawavunjia majembe. Usiku mvua ikanyesha. Kulipokucha mifupa ilikuwa imevaa nyama na manyoya, na mnyama mkubwa kuliko ng'ombe alikuwa akijikuna mgongo kwenye rundo la matofali.

Rosette alimkemea, naye akaacha.

Professeur Floribert alipanda kutoka chuo kikuu, akamwomba mnyama apanue mdomo, akayatazama meno. Akaeleza kwamba huyo ni Simbakubwa, jamii ya wala nyama iliyotoweka kabla binadamu hajawa binadamu. Si simba, wala hana undugu na simba. Mnyama alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaenda kula mbuzi wa jirani.

Wiki hiyohiyo akaja Akonkwa, dereva wa pikipiki, na mchanga wa kujengea. Naye alikuwa ameuziwa kiwanja kilekile na Constantin yuleyule. Walibishana mpaka sauti zikawakauka, ndipo wakamwita chef wa avenue, mkuu wa mtaa, Muzee Gaston.

"Ni nani alitangulia hapa?" akauliza.

Wote wakamtazama mnyama.

Gaston akakata shauri kwamba kiwanja ni cha mnyama, na hao wawili ni wapangaji wake. Rosette alilia kidogo, akajifuta kwa kitenge, akajenga chumba upande wa juu. Akonkwa akajenga upande wa chini. Mnyama akalala katikati.

Rosette alibaki na tumaini moja tu: kwamba siku Constantin atakapopita, mnyama atakuwa na njaa. Alipita kweli, viatu vikimeta, akiongozana na mama mmoja aliyetaka kununua kiwanja. Mnyama aliinuka, akamnusa kuanzia viatu mpaka kola, akapiga chafya, akarudi kulala.

"Ile iko sentinelle, mulinzi," Constantin akamwambia mama. "Inaenda pamoja na parcelle."

Rosette alimweleza mama waziwazi kwamba hapo pamekwisha kuuzwa, tena zaidi ya mara moja.

"Najua, maman," mama yule alijibu, huku akipima kiwanja kwa miguu. "Ile parcelle nilinunuaka ku Bagira, tulikuwa batu batatu benye kuinunua. Na hatukukuwa hata na sentinelle."