Gauni la Chura Mfukoni

Mama Futi, aliyeitwa hivyo kwa kuwa futi ya kupimia haikumtoka shingoni, alikuwa fundi hodari wa sare na suti. Mdogo wake, aliyeshona naye chumba kimoja, alikuwa balaa tupu: gauni la mtoto analitia mkia, mfuko anaubandika mgongoni. Na wateja wake ndio hao, wamejaa mpaka mlangoni!

Siku moja mteja mgeni aliinua kigauni chenye masikio ya sungura, akacheka mpaka machozi. "Whimsical!" akasema.

Neno hilo likamkaa Mama Futi kooni. Jioni akamnasa jirani yao, mwalimu wa Kiingereza.

"Ni kitu cha ajabuajabu," mwalimu akamweleza, "lakini ajabu ya mchezo, inayokuchekesha mpaka ukakipenda. Husemwa kwa mtu, kwa nguo, hata kwa hadithi."

"Na kwa suti?"

"Suti zako, dada? La. Zako ni nadhifu."

Nadhifu! Hata sakafu huambiwa nadhifu.

Wateja angewavumilia. Kilichomkereketa maini ni bintiye. Kila akitoka shule, mtoto anaipita mashine ya mamaye kama haioni, moja kwa moja kwa mama mdogo, na huko ni vicheko tu. Nimzae mimi, acheke na mwingine? Thubutu!

Basi akajifungia na kitambaa cha manjano. Akashona gauni lenye chura anayechungulia mfukoni, na mkono mmoja mpana kuliko mwenzake. Huo mkono ulimtoa jasho: kila akiupima anaukuta sawasawa na ule wa pili, anafumua, anaanza upya. Alipomaliza alijikuta anacheka peke yake. Akaliacha gauni kitandani kwa mtoto, akarudi kwenye mashine yake kumngoja.

Mtoto akatoka mbio amelivaa, akampita, akamrukia mama mdogo shingoni. "Asante! Zuri kuliko yote!"

Mama mdogo akalitazama gauni, akamtazama dada yake. "Hili sikushona mimi, mwanangu. Kashona mama yako."

Mtoto akageuka, akamkodolea macho mamaye aliyeketi na futi yake shingoni. Kisha akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

"Mama mdogo, wewe kwa utani hujambo!"

Mama Futi alikuwa ameshafungua mdomo aseme ndiyo, ni mimi. Akaufunga.